Pengo Linalohama

Mwaka 1925 serikali ya Kiingereza ilifungua mjini Tabora shule ya bweni kwa ajili ya wavulana wachache wa Tanganyika, hasa wana wa machifu. Utawala ule ulipitia kwa machifu, kwa hiyo ulihitaji machifu wa kesho wenye uwezo wa kusoma barua ya Bwana Shauri, afisa wa wilaya wa Kiingereza, na kuweka hesabu za kodi. Mwaka 1937 alipokelewa hapo kijana wa Kizanaki, Kambarage, mwana wa Chifu Nyerere Burito, aliyekuwa ameanza darasa la kwanza Mwisenge, Musoma, akiwa tayari na umri wa miaka 12 hivi. Akili alikuwa nayo, tena nyingi, lakini kilichomfungulia mlango kwanza ni ukoo.

Tangu hapo swali la nani asome, asome wapi na asome nini halijapata kutulia. Kila kizazi kililijibu kwa namna yake, na kila jibu liliziba pengo moja na kuonyesha jingine lililokuwa limejificha nyuma yake.

Enzi za Waingereza kila rangi ilikuwa na shule zake. Mzungu zake, Mhindi zake, Mwafrika zake, kila upande na bajeti yake na walimu wa mishahara isiyolingana. Mtoto wa Kiafrika aliyebahatika kuandikishwa kijijini mara nyingi aliishia darasa la nne. Hapo ulikuwepo mchujo wa kwenda shule ya kati, kisha mchujo mwingine wa kwenda sekondari, na waliovuka yote hayo walihesabika nchi nzima.

Hata miongoni mwa Waafrika wenyewe mambo hayakuwa sawa. Wamisionari walijikita zaidi Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe. Kahawa nayo ilistawi huko huko, na mkulima wa kahawa alikuwa na uwezo wa kulipa ada. Wachagga walisajili chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, na katika jamii yenye chama cha namna hiyo kusomesha mtoto lilikuwa jambo la kujivunia. Serikali, badala ya kujenga shule zake kila mahali, ilitoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti, hivyo fedha za umma zikafuata palipokuwa na shule tayari. Wafugaji walikosa. Watu wa pwani, ambako Waislamu walikuwa wengi, walisita kumpeleka mtoto shule ambayo ingeweza kumbadilisha dini, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Hivyo, kabla bendera ya uhuru haijapandishwa, ramani ya shule ilikuwa imekwisha kuchorwa, na kwa sehemu kubwa ilifuata ramani ya misheni na kahawa.

Desemba 1961 Tanganyika ilipojitawala, watoto wapatao 490,000 walikuwa katika shule za msingi, wengi wao wakiishia darasa la nne. Sekondari zilikuwa na wanafunzi 11,832. Waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176 tu, katika nchi iliyohitaji madaktari, mahakimu, wahandisi na walimu kwa mara moja. Takwimu hizo alizitaja Mwalimu Nyerere mwenyewe, Kambarage yule wa Tabora, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967.

Hatua ya kwanza ilikuja haraka. Kuanzia 1962 shule za rangi zilifutwa kisheria, na zile zilizojengwa kwa ajili ya wachache zikafunguliwa kwa wote. Baadaye ada za sekondari ziliondolewa. Elimu ya Kujitegemea ikafika kwenye kiini cha tatizo: hata baada ya upanuzi wa miaka sita, ni kama asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi ambao wangepata nafasi ya sekondari. Shule ya msingi, alisema Nyerere, isiwe chujio la kuwatafuta hao wachache, bali impe kila mtoto elimu iliyokamilika. Mwaka huo huo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali nchi nzima. Mtoto wa Kisukuma na mtoto wa Kimakonde wakaanza kusoma kwa lugha ambayo haikuwa ya kabila la yeyote kati yao, na ambayo wote wawili waliisikia sokoni na redioni.

Mwaka 1969 ikapitishwa Sheria ya Elimu, na shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku zikawa za serikali. Padri au mchungaji hakuwa tena na usemi juu ya nani aingie. Kwa Waislamu wengi, mlango wa sekondari ulianza kufunguka kweli wakati huo. Kwa makanisa yaliyokuwa yamejenga kwa jasho la waumini, uamuzi huo uliuma. Uchungu huo ulieleweka, na uamuzi ulikuwa sahihi.

Lakini kuwaondoa waliokuwa wakilinda mlango hakukutosha. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliendelea kuwapa nafasi nyingi watoto wa mikoa ile ile, kwa sababu walikuwa na walimu wa muda mrefu, wazazi waliosoma na vitabu nyumbani. Ndipo, katikati ya miaka ya 1970, serikali ilipoanza kugawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mgawo wa mikoa. Kila mkoa ulipata nafasi kulingana na idadi ya wanaomaliza, na wasichana walitengewa sehemu yao. Mtoto wa Kigoma au Shinyanga alishindana na wenzake wa mkoani kwake, si na mtoto wa Moshi.

Malalamiko yalikuwa makali. Mtoto wa Kilimanjaro mwenye alama za juu angeachwa, na wa mkoa mwingine mwenye alama za chini akachaguliwa. Wazazi wa Kilimanjaro hawakuishia kulalamika. Walichanga fedha, wakachoma matofali, wakajenga sekondari zao kupitia makanisa, Jumuiya ya Wazazi na vyama vyao vya maendeleo. Watoto walioachwa na mgawo wakasoma humo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 sekondari zisizo za serikali zilikuwa nyingi kuliko za serikali nchini, na Kilimanjaro ilikuwa mbele kabisa. Mgawo ulifanya kazi yake katika shule za umma, na wana wa mikoa iliyosahauliwa waliofika chuo kikuu kwa njia hiyo ni ushahidi. Ila wenye uwezo walikwisha kujenga njia ya pembeni, wala hakuna sheria iliyoweza kumzuia mzazi asimpende mwanawe.

Wakati mgawo ukianza, nchi ilikuwa pia inajaribu jambo kubwa zaidi. Novemba 1974, kikao cha chama tawala, TANU, mjini Musoma kiliamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri awe shuleni. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imekwisha kufutwa mwaka 1973. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu, na palipokuwa na kijiji palijengwa darasa. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka kama milioni 1.2 hadi zaidi ya milioni 3 kabla muongo haujaisha. Wasichana wakakaribia kuwa nusu ya wanafunzi. Pengo kati ya mvulana na msichana katika kuandikishwa, lililokuwa limedumu tangu shule ya kwanza ya Wajerumani, lilizibwa ndani ya miaka michache na nchi maskini, na ni mafanikio ambayo bado hayajapewa heshima yake.

Walimu wa kuwafundisha watoto wote hao hawakuwepo. Serikali ikawachukua maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliozunguka vijijini. Hao ndio walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote. Watu wakawabatiza "Ualimu Pasipo Elimu". Jina hilo liliwaonea. Wengi wao walishika chaki katika vijiji ambavyo mwalimu mwenye cheti asingekubali kwenda, na vizazi vizima vilijua kusoma kwa mikono yao. Lakini wakuu wa elimu waliopaswa kuwaendeleza baadaye hawakuwaendeleza vya kutosha, na mtoto wa kijijini ndiye aliyelipia.

Kisha uchumi ukaanguka. Vita vya Kagera, bei ya mafuta, ukame, halafu masharti ya mikopo. Katikati ya miaka ya 1980 michango na ada zilirudi, na kadiri miaka ya 1990 ilivyosonga, watoto waliandikishwa wachache na vitabu vikaadimika. Kufikia mwaka 2000, kati ya watoto wa umri wa shule ya msingi, karibu wanne katika kumi hawakuwa darasani. Kazi ya Musoma ilikuwa imebomoka kwa kiasi kikubwa, na waliotoka kwanza walikuwa watoto wa maskini.

Ada ilifutwa tena mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza 2002. Wanafunzi wakaongezeka kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Waliokuwa wamepitwa na umri waliwekewa darasa lao la MEMKWA, yaani elimu ya msingi kwa walioikosa. Mwaka 2004 ukafuata mpango wa sekondari, MMES, na baada ya 2005, Waziri Mkuu Edward Lowassa akiusukuma kwa nguvu zake zote, kila kata ikatakiwa kuwa na sekondari yake. Wananchi walibeba mawe, mchanga na maji, na watendaji wa kata wakakusanya michango nyumba kwa nyumba. Wanafunzi wa sekondari, waliokuwa kama nusu milioni mwaka 2005, walizidi milioni moja na nusu mwaka 2010.

Hapo mgawo wa zamani ulipoteza maana yake. Mtoto wa Kibondo hakuhitaji tena kupigania kitanda katika shule ya mbali, kwa kuwa shule ilikuwa kilomita chache kutoka kwao. Lakini ilikuwa shule gani? Mara nyingi madarasa manne, mkuu wa shule, walimu wawili au watatu, hakuna maabara, hakuna mwalimu wa hisabati. Wahitimu wa kidato cha sita waliopata mafunzo ya wiki chache walitumwa kufundisha, na wanafunzi wakawaita "vodafasta", kwa jina la huduma ya haraka ya kuongeza salio la simu. Shule za kata zenyewe ziliitwa "yeboyebo", kama kandambili za plastiki za bei rahisi. Shule za msingi za serikali zikaitwa Kayumba, mkabala wa zile za binafsi zenye majina ya watakatifu. Lugha ya mtaani ilikuwa imeliona pengo jipya kabla ya wizara.

Ushahidi haukuchelewa. Mwaka 2010 asasi ya Uwezo ilipowapima watoto nyumbani kwao, ilikuta kwamba katika kila wanafunzi watatu wa darasa la tatu, mmoja tu ndiye aliyeweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mmoja kati ya watano alikuwa anamaliza darasa la saba bila kuiweza hadithi hiyo. Februari 2013 yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia: watahiniwa sita kati ya kumi walipata daraja sifuri. Nchi ilishtuka. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, alama zikapangwa upya, matokeo yakapanda kidogo. Kilio, hata hivyo, hakikuwa cha alama. Wengi wa walioanguka walikuwa watoto wa kwanza wa ukoo wao kufika sekondari, waliofundishwa miaka saba kwa Kiswahili kisha wakaulizwa fizikia kwa Kiingereza na mwalimu ambaye pengine hakuwepo.

Serikali ilijibu kwa mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kuzipanga shule zote kwa ufaulu na kutangaza orodha hadharani, kwa kuzigawa katika rangi ya kijani, njano na nyekundu. Iliaminika kwamba aibu ingewaamsha walimu wakuu wa shule za mkiani. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia kilichotokea katika shule za msingi. Kweli, shule zilizokuwa chini kabisa wilayani mwao zilipandisha asilimia ya ufaulu. Lakini idadi ya waliokaa kwenye mtihani katika shule hizo ilipungua. Wanafunzi dhaifu walikuwa wakiondolewa katika darasa la mtihani kabla ya kuhesabiwa. Orodha iliyokusudiwa kumsaidia mtoto aliyeachwa nyuma ilimgeuza kuwa mzigo kwa shule yake, na hilo ni jambo la kukumbukwa na kila anayependa kuzipima shule kwa namba moja.

Mpango mwingine wa miaka hiyo ulikwenda kwa mwendo tofauti. Mwaka 2013 na 2014 asasi ya Twaweza iliendesha jaribio la KiuFunza katika shule za msingi 350 za umma, katika wilaya 10. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, kiwango ambacho sera ya serikali iliahidi lakini ambacho mara nyingi kilifika shuleni kikiwa pungufu. Kundi la pili halikupewa ruzuku, bali mwalimu wa madarasa matatu ya mwanzo aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la Kiswahili, Kiingereza au hisabati. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Shule zilizobaki hazikupewa chochote, ili zitumike kulinganishia.

Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikuwa imeongeza kujifunza. Vitabu vilinunuliwa, na uwezo wa watoto wa kusoma ukabaki pale pale. Motisha peke yake ilileta mabadiliko madogo yasiyo ya uhakika. Vilipokutana, watoto walisonga mbele wazi wazi, zaidi ya jumla ya kila kimoja kwa upande wake. Mwalimu aliyekuwa na sababu ya kuhangaika na kila mtoto alihitaji pia vifaa vya kuhangaika navyo. Kwa mtu aliyewahi kuingia darasa la wanafunzi tisini, matokeo hayo hayashangazi. Lakini bajeti nyingi za elimu zilipangwa kana kwamba ama fedha au nidhamu, kimojawapo, kingetosha. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili nao ulipunguzwa na kujikita katika kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK. Wazee walishangaa kwamba zilikuwa zimewahi kuachwa.

Kisha Waraka namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016. Madarasa ya kwanza yalifurika.

Kundi moja, hata hivyo, lilikuwa bado linafukuzwa kwa makusudi. Msichana aliyepata ujauzito aliondolewa shule, na mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza hadharani, katika ziara yake mkoani Pwani, kwamba chini ya uongozi wake hakuna msichana aliyejifungua atakayerudi darasani. Benki ya Dunia iliahirisha mkopo wa sekondari kwa sababu hiyo, kisha ikauidhinisha mwaka 2020 kwa masharti ya kuwapatia wasichana hao njia mbadala. Tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kwamba wanaweza kurudi katika shule zao za kawaida. Wasichana walioondolewa katika miaka hiyo yote waliporwa haki ambayo nchi yao ilikwisha kuiahidi Musoma. Waliorudi walirudi wakiwa na mtoto mgongoni na miaka imepita, na wengi zaidi hawakurudi.

Mwishoni mwa mwaka huo huo, fedha za mkopo wa kupambana na athari za UVIKO zilijenga madarasa 15,000. Elfu kumi na mbili yalikuwa ya sekondari. Elfu tatu yalikwenda kwa shule shikizi, zile za vijiji vya mbali ambako watoto wadogo husoma karibu na kwao kabla ya kuwa na nguvu za kutembea hadi shule mama. Ni jambo dogo katika bajeti ya taifa. Kwa mtoto wa miaka sita anayekaa ng'ambo ya mto unaofurika kila masika, ndilo linaloamua kama ataanza shule kwa wakati au akiwa na miaka tisa. Mradi wa SEQUIP, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia, nao ulipanga sekondari za bweni za wasichana za masomo ya sayansi, moja kwa kila mkoa, 26 kwa jumla.

Limebaki suala la lugha. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari. Serikali ilikataa. Tangu miaka ya 1990 shule za msingi za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zimeongezeka mijini, na watoto wao huingia kidato cha kwanza wakiendelea na lugha ile ile, huku wa Kayumba wakianza upya. Hakuna mgawo unaoweza kusawazisha hilo. Sera ya Elimu iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mapema 2025 jijini Dodoma imeongeza elimu ya lazima kuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, na mtaala mpya unafundisha Kiingereza kama somo tangu darasa la kwanza. Sekondari imebaki ya Kiingereza.

Mtaala huo ulianza Januari 2024. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza elimu ya msingi darasa la sita, mwaka 2027, sambamba na kaka na dada zao waliokuwa darasa la nne na watakaomaliza darasa la saba. Januari 2028 vikosi viwili vitaingia kidato cha kwanza kwa pamoja, wengi wao katika shule za kata, wengi wao wakitoka Kayumba. Madarasa yanahesabika na yanaweza kujengwa kwa miezi. Mwalimu wa hisabati wa mwaka 2028 anapaswa kuwa chuoni tayari.